Mzazi mwenye MS anapofoka: Hasira inatoka wapi, na nyumba ifanyeje?

Ni saa kumi na mbili jioni, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Umeme umekatika tangu saa tisa na feni imesimama. Mama wa watoto watatu, mwalimu wa shule ya msingi, ameketi kwenye kochi akiwa bado na nguo za kazini. Mtoto wa kwanza anataka asainiwe daftari, wa pili analalamika kwamba amenyang'anywa kalamu, na mdogo amemwaga uji kwenye mkeka. Redio ya jirani inaingia dirishani kana kwamba imewekwa sebuleni.

Mama analipuka. Anafoka kwa sauti ambayo hata yeye haitambui, anarusha daftari, kisha anaingia chumbani na kujifungia. Dakika kumi baadaye analia. Sebuleni, binti yake wa miaka tisa anafuta uji kimyakimya na kuwaonya wadogo zake wasiseme neno. Siku zinazofuata hampelekei tena mama yake daftari. Anamsubiri baba, hata kama baba atarudi saa nne usiku.

Mama huyu ni wa mfano, lakini jioni kama hiyo si ngeni katika nyumba ambazo mzazi mmoja anaishi na maltipo sklerosisi, ugonjwa unaoitwa kwa kifupi MS. Kliniki humuuliza mgonjwa habari za miguu, macho na mkojo. Swali la hasira mara nyingi halimo, na mgonjwa mwenyewe huona aibu kulitaja. Nani atapanga foleni tangu alfajiri ili akamwambie daktari kwamba anawafokea wanawe?

Ugonjwa wa umri wa kulea

MS hutokea pale kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inapogeuka na kushambulia ala inayofunika mishipa ya fahamu katika ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Ala hiyo huitwa myelini. Fundi umeme angeifananisha na plastiki inayofunika waya: ikichubuka, umeme hupita kwa shida au hukatika kabisa. Ndiyo maana dalili hazifanani. Mmoja huanza kwa jicho kupoteza nuru, mwingine kwa ganzi miguuni, mwingine huyumba njiani hadi watu wakadhani amelewa.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2023 yanaonyesha kuwa watu takribani milioni 2.9 duniani wanaishi na ugonjwa huu. Wanawake ni angalau mara mbili ya wanaume, na wengi hugundulika wakiwa na miaka kati ya 20 na 40. Huo ndio umri wa kunyonyesha, kulipa ada na kumalizia nyumba. Kwa maneno mengine, MS ni ugonjwa wa wazazi.

Ni kweli kwamba nchi zilizo karibu na ikweta zina wagonjwa wachache kuliko Ulaya na Marekani Kaskazini. Lakini wapo, na uchache wao umeleta shida ya aina yake. Kipimo cha MRI na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wako katika hospitali kubwa za mijini. Kabla jina la ugonjwa halijapatikana, mgonjwa anaweza kuwa ametibiwa malaria, taifodi na presha, akapelekwa kwa mganga, na akaitwa mvivu na wifi zake.

Tena kwa wagonjwa walio wengi, takribani 85 kati ya 100, ugonjwa huanza kwa kuja na kutulia. Wiki hii mtu hawezi kushika kikombe, mwezi ujao anaonekana kwenye harusi amevaa vitenge na anacheza. Majirani wakisikia tena kelele kutoka nyumba ile, hawasemi kwamba ubongo umeumia. Wanasema amekuwa na kiburi, mbona juzi alikuwa mzima.

Uvumilivu nao unatumia nguvu

Mfaransa Jean-Martin Charcot, daktari aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu mwaka 1868, aliona mapema kwamba baadhi ya wagonjwa wake hubadilika hisia pamoja na mwili. Hata hivyo, kwa miaka mingi mabadiliko hayo yalichukuliwa kuwa ni huzuni tu ya mtu aliyeugua. Leo inafahamika kuwa makovu yanayoachwa na ugonjwa yanaweza kuwa katika sehemu zilezile za ubongo zinazosaidia kuzuia hasira na kupima maneno kabla hayajatoka mdomoni. Mgonjwa anaweza kuwa na akili timamu, anajua kabisa kwamba uji uliomwagika ni jambo dogo, lakini breki inachelewa kushika.

Juu ya hilo kuna uchovu. Uchovu wa MS haufanani na ule wa mtu aliyelima kutwa, ambaye akilala anaamka mzima. Huu huwapata takribani wagonjwa wanane kati ya kumi, na unaweza kumkuta mtu asubuhi wakati ametoka kulala saa nane. Kumsikiliza mtoto akirudia swali lilelile mara ya tano, kuchagua neno la upole wakati la ukali liko karibu, kukaa kimya mwenza anapochelewa kurudi: yote hayo yanatumia nguvu. Mwalimu yule aliyesimama mbele ya wanafunzi tangu asubuhi anafika nyumbani akiwa ametumia akiba yote, na watoto wake ndio wanaokuta sanduku tupu.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui ni kasi ya kufikiri. Karibu nusu ya wagonjwa hupata mabadiliko fulani katika kufikiri au kukumbuka, na linaloguswa zaidi huwa kasi. Si kwamba hawaelewi. Wanaelewa, ila maneno yanawafikia yakiwa kwenye foleni. Watoto watatu wakizungumza kwa pamoja, televisheni ikiwa imewashwa na simu inaita, foleni hiyo inajifunga. Mtu wa nje anaona mama mkali. Ndani yake kuna mtu anayejaribu kusikia sauti moja kati ya tano.

Dawa ya hili haina gharama. Redio izimwe wakati wa mazungumzo. Mtoto mmoja aongee, amalize, ndipo mwingine aanze. Mwenye jambo zito asilitamke kutokea jikoni huku mama yuko chumbani. Aje, akae, aseme. Familia zinazojaribu hivi kwa wiki moja hushangaa jinsi kelele za nyumba zinavyopungua, na ukweli ni kwamba nyumba isiyo na mgonjwa nayo ingefaidika.

Joto la pwani

Mwaka 1890 daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi makali. Baadaye ikafahamika kwamba chanzo kilikuwa joto la mwili. Waya uliochubuka hupitisha taarifa kwa shida zaidi ukipata joto, na ongezeko la hata nusu digrii linatosha kumbadilisha mtu. Kabla ya kuwapo kwa MRI, madaktari wengine walikuwa wakimweka mtu kwenye beseni kubwa la maji ya moto ili waone kama dalili zitajitokeza. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hahitaji beseni. Jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na dirisha la pili linafanya kazi hiyohiyo kila siku.

Habari njema ni kwamba joto lenyewe haliongezi kovu. Mwili ukipoa, dalili hurudi nyuma, na hasira nayo hushuka. Mgonjwa akioga maji ya baridi kabla ya kuingia jikoni, akijifunga shingoni kitambaa kilicholowekwa, na akiwa na chupa ya maji baridi karibu, anapunguza mengi kwa gharama ndogo. Maharage yanaweza kuchemshwa alfajiri. Chapati za Jumamosi mchana zinaweza kupikwa na mtu mwingine, au zisipikwe kabisa.

Homa ni joto pia, na hapa kuna jambo ambalo wauguzi wenye uzoefu hulikumbuka haraka kuliko ndugu. Watu wengi wenye MS wana shida ya kibofu: mkojo unakuja kwa haraka, au unabaki ndani. Wanaamka usiku mara tatu, mara nne, na asubuhi hawana usingizi wa kutosha. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, ile UTI inayofahamika na kila mtu. Mzazi ambaye kwa siku mbili tatu amekuwa mkali kuliko kawaida, miguu imekuwa mizito na mkojo unachoma, anahitaji kupimwa mkojo kabla mtu hajaitisha kikao cha ndoa.

Wiki ya sindano

Ugonjwa unapolipuka upya, madaktari hutumia steroidi kwa dozi kubwa, mara nyingi methilprednisoloni ya gramu moja kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Dawa hiyo hufupisha mlipuko. Pia huondoa usingizi, humfanya mtu ajisikie ana nguvu za ajabu usiku wa manane, halafu humwacha akiwa na hasira au majonzi. Kuna aliyeamka saa tisa usiku akapanga upya kabati lote, na kesho yake akagombana na kila aliyegusa kabati hilo.

Familia ikiambiwa mapema, wiki hiyo hupita kama mvua. Isipoambiwa, maneno yanayosemwa yanaweza kukaa mioyoni kwa miaka. Kwa hiyo mambo makubwa kama kuuza kiwanja, kumhamisha mtoto shule au kuzungumza na wakwe yasubiri. Aliyepewa steroidi za vidonge asiziache ghafla kwa sababu ya hasira. Arudi kwa daktari aliyemwandikia. Vilevile, sindano za interferoni zinazotumiwa na baadhi ya wagonjwa zina tahadhari ya sonona kwenye maelezo yake, hivyo mabadiliko ya hisia baada ya kuanza dawa yoyote mpya yaripotiwe.

Kucheka msibani

Lipo badiliko moja linalozua uhasama kuliko yote. Mgonjwa anacheka wakati hana furaha, au analia machozi mengi wakati hana huzuni. Hutokea pale njia za ubongo zinazosimamia uso na sauti zinapokatwa kutoka kwa hisia zenyewe, na huwapata takribani mgonjwa mmoja kati ya kumi.

Katika nchi ambayo msiba ni wa ukoo mzima, kucheka mbele ya jeneza la mjomba ni jambo linaloweza kuvunja undugu. Mgonjwa anajua anachofanya si sahihi, anajaribu kujizuia, na kadiri anavyojizuia ndivyo kicheko kinavyozidi. Wapo wanaoacha kabisa kwenda misibani, kisha wakalaumiwa kwa kutokwenda.

Hali hii inatibika. Marekani iliidhinisha mwaka 2010 dawa maalumu kwa ajili yake, na madaktari wengi hutumia dozi ndogo za dawa za sonona, ambazo ni rahisi kupatikana. Kabla ya hapo, ndugu mmoja mwenye heshima, shangazi au baba mdogo, anaweza kuwaeleza wengine mapema: "Mwenzetu ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Akicheka, msimhesabie." Mgonjwa mwenyewe husaidika akibadili mkao, akivuta pumzi taratibu, au akikaa karibu na mlango ili atoke bila kuvuka mkeka uliojaa watu.

Sonona iliyovaa hasira

Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa hadi nusu ya watu wenye MS hupata sonona wakati fulani maishani, kiwango kinachozidi kwa mbali kile cha watu wengine. Tatizo ni kwamba wengi wanaitarajia sonona kwa sura ya machozi. Mara nyingi huja kwa sura ya ukali. Hili huonekana sana kwa wanaume. Baba aliyekuwa dereva wa lori na sasa haruhusiwi kushika usukani hatasema ana huzuni. Atagombana na mtoto kwa sababu ya chumvi, na na mke kwa sababu ya vocha.

Dalili za kutazamwa ni hasira inayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi kuharibika, kula kubadilika na kujiona mzigo. Hapo suala si la kuvumilia tena. Sonona katika MS hutibika sawa na kwa mtu mwingine. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo humfundisha mtu kulitambua wazo linalotangulia mlipuko, na kuna dawa kama fluoksetini na amitriptilini ambazo zimetumika kwa miaka mingi na si ghali. Huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na wengi huziacha katika wiki ya pili wakisema hazifanyi kazi. Amitriptilini inaweza pia kuzuia mkojo kutoka, jambo baya kwa mwenye shida ya kibofu, kwa hiyo haifai kununuliwa dukani kwa ushauri wa rafiki. Hospitali za rufaa zina idara za afya ya akili. Muhimbili ni mojawapo. Mazoezi mepesi asubuhi kabla jua halijawa kali nayo yana ushahidi mzuri, hata kama ni kutembea hadi kwenye genge na kurudi.

Kuna jambo ambalo halipaswi kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Hatari ya mtu mwenye MS kujiua ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Mzazi anayesema watoto wataishi vizuri zaidi bila yeye, anayegawa vitu vyake au kuulizia dawa za panya zilipo, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hupata ahueni kwa sababu hatimaye kuna mtu ameuliza. Viongozi wa dini wana nafasi kubwa hapa, mradi maombi na dua viende pamoja na dawa.

"Ni MS yako hiyo"

Familia ikishaelewa yote haya, huja hatari ya upande wa pili. Kila mama anapokasirika, baba anajibu: "Ni MS yako hiyo inaongea." Pengine ni kweli. Pengine pia baba amerudi saa sita usiku mara ya tatu wiki hii, hela ya mboga haikuachwa, na mtu yeyote mwenye mishipa mizima angekasirika vilevile. Kumnyima mgonjwa haki ya kukasirika kwa sababu halali ni kumgeuza mtoto ndani ya nyumba yake.

Njia iliyo rahisi ni kutenganisha sauti na hoja. Sauti inaweza kuwa ya ugonjwa, hoja ikawa ya kweli. Mume anaweza kusema, "Mke wangu, hili tutalizungumza kesho asubuhi ukiwa umepumzika," kisha kesho asubuhi alizungumze kweli. Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Mke mwenye ahadi tatu za kesho zisizotimizwa hataikubali ya nne.

Mwenza naye huchoka. Anapika, anafua, anabeba, analipa, halafu anafokewa. Wanaume wengi hawana mtu wa kumwambia hayo, na wanawake wenye waume wagonjwa huambiwa tu wavumilie. Ndugu wanaotaka kusaidia wasiulize "mnahitaji nini" kila Jumapili. Waje kuwachukua watoto Jumamosi moja kwa mwezi, na wawarudishe wakiwa wameoga na wamekula.

Mtoto anajua nini

Mtoto asipopewa maelezo, hujitungia yake. Binti wa miaka tisa aliyefuta uji alikuwa amekwisha kupata jibu: mama anaumwa kwa sababu sisi ni wasumbufu. Watoto wadogo huamini hivyo kuliko wazazi wanavyodhani, na ukimya wa watu wazima ndio unaowathibitishia.

Anachohitaji kuambiwa ni kidogo. Kwamba ugonjwa haukuletwa na yeye. Kwamba hauambukizi, kwa hiyo anaweza kulala kitandani na mama na kunywa maji kwenye kikombe chake. Kwamba kumponya mama ni kazi ya madaktari, na kazi yake yeye ni shule na kucheza. Mtoto wa miaka mitano ataelewa akiambiwa kuwa waya za kichwani kwa mama zimechubuka na zikipata joto zinampa hasira. Kijana wa miaka 14 ataudhika na maelezo ya waya. Yeye aelezwe jina la ugonjwa na aruhusiwe kuuliza, kwa sababu atalitafuta kwenye simu vyovyote vile.

Halafu kuna kuomba radhi. Wazazi wengi wamelelewa wakijua mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Anamnunulia soda na mambo yanaisha. Kwa mtoto anayeishi na mzazi mwenye MS, soda haitoshi, kwa sababu haimwambii kosa lilikuwa la nani. Maneno machache yanatosha: "Mwanangu, jana mama alikufokea. Hukukosa. Nilikuwa nimechoka sana, na haikuwa sawa kukurushia daftari." Heshima ya mama haipungui. Mtoto anapumua.

Mpaka nao uwepo. Ugonjwa unaweza kueleza kwa nini mzazi alifoka. Hauwezi kuhalalisha kipigo. Mzazi anayehisi mkono unainuka anahitaji mpango uliopangwa siku ya utulivu: yeye anaingia chumbani, mtu mzima mwingine anachukua watoto, na kama hayupo, watoto wanajua wanakwenda kwa bibi au kwa jirani fulani bila kuulizwa maswali. Kama kipigo kimeshakuwa cha kawaida, daktari aambiwe hivyo hivyo kilivyo.

Wa kuangaliwa zaidi ni mtoto wa kwanza, hasa wa kike. Anakuwa mama mdogo. Anaamua redio izimwe lini, anawatuliza wadogo, anaficha karatasi ya mtihani yenye alama mbaya. Wageni humsifu kwa utu uzima wake. Mzazi afurahie kusaidiwa vyombo, lakini ajiulize mtoto huyo mara ya mwisho alicheza rede lini.

Daftari la wiki mbili

Njia moja inayosaidia kliniki na nyumbani ni kuandika. Daftari la kawaida, wiki mbili, mistari michache kila siku: saa ngapi hasira ilikuja, nini kilitangulia, alilala saa ngapi, alikula lini, joto lilikuwaje, kuna dawa gani mpya, mkojo ukoje. Asiyeweza kuandika arekodi sauti kwenye simu. Daktari ambaye ana dakika kumi kwa kila mgonjwa atapata mengi kwenye kurasa hizo kuliko kwenye jibu la "naendelea vizuri."

Familia pia inaweza kukopa lugha ya simu. Mzazi anasema ana chaji ngapi. Mtoto yeyote anajua simu yenye chaji kumi haifunguliwi video. Mama akisema "ishirini," kila mtu anaelewa kwamba maswali ya leo yawe machache, na hakuna aliyelaumiwa.

Katika nyumba ya mwalimu wetu wa mfano, daftari lingeonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani: karibu milipuko yote iko kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, siku ambazo hakupumzika mchana na umeme haukuwapo. Haikuwa kila wakati, na haikuwa kwa kila mtu. Kwa hiyo akifika kutoka kazini anaoga, analala nusu saa mlango ukiwa umefungwa, na baba au dada wa kazi ndiye anayepokea madaftari. Ya kusainiwa yanasubiri saa mbili usiku, upepo ukishaanza kuvuma kutoka baharini.

Saa mbili hiyo, binti anachungulia mlangoni.

"Mama, chaji ngapi?"

"Thelathini, mwanangu."

"Basi nisainie moja tu, la hesabu. La sayansi nitampa baba."